Siku Mbili za Dodoma na Jua Lililochomoza Magharibi

Tangu nirudi Makurunge sijatoka msikitini hata mara moja bila mtu kunishika mkono wa kanzu. “Mwalimu, Dodoma kukoje? Mtu akiwa na siku mbili tu, aone nini?” Mmoja ana binti anayesoma huko, mwingine anasubiri kuitwa kwa ajili ya mafao yake, wa tatu anapenda tu kujua. Nimeona nikiendelea kumjibu kila mmoja peke yake nitaongeza chumvi bila kukusudia. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, na pale nitakapoteleza Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kwanza mjue kwamba sikwenda kutembea. Mnakumbuka mwanangu Shabani alipooa Dodoma mwaka juzi. Mkwe wangu ni Mzee Ndahani, fundi mwashi mstaafu, Mgogo, Mkristo wa Kianglikana. Binti yake alisilimu kwa hiari yake, ndoa ikafungwa vizuri, mimi sikwenda. Nilisema mgongo unaniuma, na wengi wenu mlikuja kunipa pole na mafuta ya kuchua. Kule Dodoma, Mzee Ndahani alikuwa amepanga viti vinane mstari wa mbele chini ya turubai, viti vya watu wa pwani. Havikukaliwa. Majirani zake wote waliviona.

Hakugomba. Ila mjukuu wetu Ramadhani alipozaliwa, na mama Shabani alipoanza kuomba aletwe tumwone, jibu lilikuja kwa simu ya Shabani: “Mjukuu wangu haendi kwa babu ambaye hajafika kwangu.” Mtoto ametimiza mwaka. Anatembea. Mama Shabani akaniambia, “Idi hii namtaka mtoto hapa uani. Utakwenda na mgongo wako au utauacha nyumbani, lakini utakwenda.”

Shabani akatutumia orodha ya mambo ya kuona kwa siku mbili: Bunge, msikiti mkubwa, chuo kikuu kilicho vilimani, mji wa serikali, mashamba ya zabibu, bustani ya katikati ya mji, na kilima cha Simba. Mambo saba. Alisema tukionyesha tumekuja kuuona mji wao, mkwe atalainika. Akataka pia kuniwekea kwenye simu kitu kinachoonyesha kibla. Nikamwambia nimefundisha watu kibla miaka arobaini, sihitaji kufundishwa na simu.

MAKURUNGE HADI LUGOBA

Mtu wa pwani haendi kwa wakwe mikono mitupu. Tulibeba nazi kumi na mbili, furushi la ng’onda, na mikate mitatu ya kumimina ambayo mama Shabani aliipika kwa mchele wa kutwanga na tui zito. Mmoja ulikuwa wetu wa njiani, miwili ya wakwe. Tulipanda kosta asubuhi mapema, nikamshukuru Mungu kwa kupata viti vya mbele, karibu na dirisha.

Msata tulipita salama. Tulipokaribia Lugoba gari likaanza kupiga mluzi, likatoa moshi, likasimama. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika. Konda aliteremka, akazunguka gari, akarudi akinusa.

“Nani kabeba samaki humu?”

Mimi nikaanza kusoma uradi.

“Ninauliza kwa wema. Gari zima lilikuwa linakwenda, kufika hapa limekataa. Hata chuma kina pua.”

Mzee mmoja nyuma akasema, “Konda, huyo si samaki, huo ni mkanda wako umeungua.”

“Mkanda ukiungua haunuki papa, mzee wangu.”

“Si papa,” akasema mama Shabani kwa sauti ya kutosha. “Ni ng’onda. Tena wa Bagamoyo, amekauka vizuri.” Huyo ndiye mke niliyepewa, hawezi kuona samaki wake anaitwa jina lisilo lake.

Tulikaa Lugoba muda wa saa tatu, fundi akisubiriwa. Shauri langu la kwanza kwenu: Lugoba pana mishikaki mizuri na kivuli kizuri, na mtu asiyekasirika hapo hupata vyote viwili. Abiria waliokasirika walisimama juani wakimtazama dereva. Sisi tulikula, tukaswali, na ng’onda wangu akawekwa juu ya gari, peke yake, kama sultani.

CHALINZE HADI KIBAIGWA

Chalinze tukapanda basi la Dodoma. Mimi nilikaa katikati, mama Shabani dirishani, na upande wa pili akakaa mama mmoja mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa. Tulipopita Morogoro njaa ikatushika. Mama Shabani akafungua kikapu, akakata ule mkate wetu. Mimi, kama nilivyolelewa, kabla ya kuweka kipande mdomoni nikamgeukia jirani nikasema, “Karibu.”

Nyote mnajua kinachofuata baada ya neno hilo. Mtu anasema “ahsante, kula salama,” nawe unaendelea. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, wewe kukaribisha, yeye kushukuru.

Yule mama akasema, “Ahsante, baba,” akanyoosha mkono, akachukua kipande kikubwa.

Alikula huku amefumba macho. “Jamani! Hiki ni nini? Mkate huu kaupika malaika gani?”

“Ni mimi,” akasema mama Shabani.

“Wewe? Dada, mikono hiyo ioshwe kwa maziwa.”

Hapo ndipo tulipoangamia. Mama Shabani akamkatia kipande kingine, na kingine. Dumila mkate wa kwanza ulikwisha. Nikamkanyaga mama Shabani mguu kumkumbusha. Akanikanyaga na yeye, kwa nguvu zaidi. Milima ya Gairo ilitupokea na baridi yake, yule mama akasema baridi humtia njaa, mama Shabani akafungua mkate wa pili. Nilimnong’oneza, “Huo ni wa mkwe.” Akaninong’oneza, “Unataka nimwambie nini, kwamba karibu yako ilikuwa ya uongo?” Mimi ni mwalimu wa dini. Nikamshikia kikapu akate.

Kibaigwa yule mama aliteremka akiwa ameshika nusu ya mkate wa tatu kwenye mfuko, kwa ajili ya watoto. Alituombea dua ndefu na nzuri, akatuwekea mapajani mahindi mabichi matano. “Msiende kwa wakwe mikono mitupu,” akasema.

KWA MZEE NDAHANI

Tulifika Dodoma jua limeshazama, tumechoka, vumbi hadi kwenye kope. Shabani alitupokea stendi akatupeleka kwa mkwe, maana kulala kwingine kungekuwa tusi jipya.

Mzee Ndahani alikuwa amesimama mlangoni. Ni mrefu, mkavu, mikono yake kama matofali ya kuchoma. Alinipa mkono, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

“Mgongo?” akauliza.

“Alhamdulillahi, haujambo.”

“Mm,” akasema. Basi. Ndiyo maneno yetu ya kwanza kama wakwe.

Mkewe, mama Neema, alikuwa na bashasha kwa wawili. Alizipokea nazi, akampokea ng’onda bila kukunja uso, akayatazama yale mahindi matano. “Na mahindi mmetuletea! Kutoka pwani!” Mama Shabani alitazama chini. Ramadhani alikuwa amelala kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilitaka kuomba nimwone.

Nikaomba mahali pa kuswali. Wakanitandikia mkeka barazani, nyuma ya nyumba. Sasa sikilizeni vizuri. Sisi huku hatutafuti kibla. Bahari iko mkono wa kulia, bara mkono wa kushoto, unaelekea mbele. Hata gizani upepo wa jioni unakuja kutoka baharini na kukugusa shavu la kulia, unajua uko sawa. Nilisimama kwenye baraza ile, kiza kimeingia, nikasikia upepo mzuri kabisa. Nikageuka hadi ukanigusa shavu la kulia. Nikasema Allahu Akbar. Nikaswali Maghribi na Isha kwa utulivu ambao sikuupata siku nyingi. Mzee Ndahani alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, akinitazama, hakusema neno.

Kisha kikaja chakula. Kuku mzima wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda, na sahani ya nyama ya kukaanga. Mama Neema akasema, “Karibuni sana.”

Nikasema, kama mtu mwenye adabu zake, “Ahsanteni sana, tumeshiba, tulikula njiani.”

Kwetu hapo mwenyeji hulalamika, akasema haiwezekani, angalau mwonje. Mgeni anakataa tena. Mwenyeji anaapa. Mgeni ananawa. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa kanzu, nikisubiri.

Mzee Ndahani akamwambia mkewe, “Wameshiba. Ondoa.”

Kuku akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho hadi jikoni.

Chumbani tulikula tende, tatu tatu, kutoka kwenye mfuko wangu. Mama Shabani alimaliza kwanza tende yake ya mwisho. “Yule mama wa Kibaigwa,” akasema, “angekuwa hapa angetufundisha karibu ya huku inavyoitikiwa.”

ALFAJIRI

Niliamka mapema nikatoka barazani, upepo bado upo, nikauweka shavuni nikaswali Alfajiri. Nikakaa na tasbihi yangu kusubiri jua, nimeelekea kulekule.

Jua likachomoza kushoto kwangu.

Kushoto kwangu, jamaa zangu, ni magharibi. Nimewafundisha watoto wenu kwa miaka arobaini alama kubwa za Kiyama, na mnaijua ile ya jua kuchomoza magharibi. Nilitazama. Likapanda. Jekundu, kubwa, halina wasiwasi. Jogoo akawika. Nikakimbilia chumbani nikamshika mama Shabani bega.

“Mama Shabani, amka. Tamka shahada.”

“Kuna nini?”

“Jua limechomoza magharibi.”

Alikaa kitandani, akafunga kanga yake vizuri, akachungulia dirishani. Huyu mama nimeishi naye miaka arobaini na mbili. Akasema, “Kiyama gani hicho ambacho jirani anafua nguo? Baba Shabani, wewe ndiye uliyegeuka.”

Nilirudi barazani nikahesabu upya, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeswali nyakati tatu nikiwa nimeipa kibla mgongo. Mimi, ambaye mkitaka kujenga msikiti mnaniita nisimame na kusema wapi. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikazirudia zote tatu kwa siri. Sikutaka Mzee Ndahani ajue. Namwomba Mungu msamaha kwa kibla, na zaidi kwa ile siri.

Mama Shabani alikuwa jikoni na mama Neema. Alirudi uso umebadilika.

“Unajua yule kuku wa jana?”

“Usinikumbushe.”

“Walimwita mwadhini wa msikiti wa mtaa huu aje amchinje. Mzee Ndahani alimfuata mwenyewe kwa miguu, ili wageni wapate kula kwa amani. Sisi tukasema tumeshiba. Wanadhani tumekataa mikono yao.”

Viti vinane, na sasa kuku. Niliketi kitandani. Nikasema leo, nionyeshwe nini nisionyeshwe nini, nitasifu.

Chai ilipokuja mama Neema akafungua mdomo kusema karibuni. Tulikuwa tumeshanawa.

MJI MKUU, KWA KUTA ZAKE

Shabani alikwenda kazini. Mzee Ndahani akavaa koti, akasema, “Mmekuja kuona mji. Twendeni.” Nikatoa orodha. Hakuitazama.

Kwanza alitupeleka kwenye mtaro wa maji ya mvua, mkubwa, wa mawe. Tukasimama ukingoni. Tukautazama.

“Huu,” akasema, “haujaziba tangu nimeujenga.”

“Mashallah,” nikasema.

Tukaenda kwenye ukuta wa shule. Alipitisha kiganja juu yake kama mtu anayempapasa ng’ombe wake. Nyuma yetu palikuwa na jengo refu la vioo, linametameta. Mama Shabani akauliza ni la nani.

“Silijui. Sikujenga mimi.”

Hapo nikaelewa ziara yetu itakavyokuwa. Mkitaka kuuona mji mkuu, nawashauri mwende na fundi mwashi. Mtaona vitu ambavyo hamtaviona kwenye picha yoyote, na vile vya kwenye picha mtavipita. Bunge? Tulifika. Ukumbi wake umeviringika kama msonge, unaonekana hadi mbali. Mzee Ndahani akasimama kando ya uzio akaonyesha kwa kidole. “Kuanzia nguzo hii mpaka ile pale. Watu wanne, miezi miwili. Kule kwingine walijenga wengine, tazama mistari yake.” Nikatazama mistari yake. Wallahi, iliyumba. Bunge lenyewe nimeliona kupitia begani kwake.

Sasa, nilikuwa nimeazimia kusifu. Lakini ulimi una mazoea yake. Pale kwenye uzio nilisema, “Mashallah, pazuri sana. Hapa mbele pangekuwa na bahari, pangekamilika.” Sikukusudia ubaya. Mzee Ndahani akatazama mbele, pale ambapo bahari haikuwapo, akaendelea kutembea. Kwenye bustani ya katikati ya mji nilisema upepo ni mzuri ila hauna chumvi. Mama Shabani akanifinya mkono hadi leo pana alama.

Sokoni ndipo nilipopotea. Niligeuka kutazama zabibu, mafungu kwa mafungu, nyeusi na nyeupe, na nilipogeuka tena wenzangu hawapo. Nikamwuliza muuza nyanya, “Mama, kituo cha mabasi madogo kiko upande wa pwani au wa bara?”

Akanitazama kwa huruma. “Baba yangu, hapa kote ni bara.”

“Najua, lakini upande wa baharini ni upi?”

Akamwita mwenzake. “Njoo umsikie huyu babu, anatafuta bahari.” Wakaja wanne. Mmoja akasema bahari ilikuwapo jana, imekwenda kujaza mafuta. Mwingine akasema nikate kushoto kwenye duka la vyerehani, nitembee siku kumi. Walicheka hadi na mimi nikacheka. Mzee Ndahani alinikuta hapo, katikati ya kicheko, na kwa mara ya kwanza niliona kitu kinatikisika pembeni mwa mdomo wake. Kikatulia upesi.

Mama Neema, tuliyemkuta sokoni akinunua mboga, alitununulia maji ya zabibu. Niliishika bilauri bila kunywa. “Yamekamuliwa lini?” nikauliza.

“Sasa hivi, mbele yako, Mwalimu.”

“Hayajalala yakawa mvinyo?”

“Hayajapata hata nafasi ya kukaa.”

Nikanywa. Basi zabibu za Dodoma zioneni, zinyweni, ila mziulize kwanza zimelala wapi.

KILIMA CHA SIMBA

Karibu na adhuhuri Mzee Ndahani akasema tupande kilima cha Simba. Mama Shabani na mama Neema wakasema watatusubiri chini, kivulini. Tukapanda wazee wawili, taratibu, jiwe kwa jiwe. Kila nikisimama kupumua yeye alisimama pia, akijifanya anatazama majengo. Juu mji wote uko chini yako, mabati, miti, barabara nyeupe, vilima vya chuo kikuu kwa mbali. Kati ya yale mambo saba, hili ndilo nitakalowaapia. Pandeni huko.

Wakati wa swala ulikuwa umeingia. Nikatia udhu kwa maji ya chupa. Nikatazama jua, nikapiga hesabu, nikatandika koti langu kuelekea kaskazini.

Nyuma yangu sauti ikasema, “Leo umegeuka.”

Nikasimama na udhu wangu.

“Jana jioni na leo alfajiri,” akasema Mzee Ndahani, “uliswali kuelekea Iringa.”

“Ulijua?”

“Msikiti wa mtaa wetu ni mimi niliyevuta kamba ya msingi. Shehe alinisimamisha siku nzima kwa ajili ya kibla, hakutaka hata kidole kimoja kipotee. Naijua kibla ya Dodoma kuliko ninavyojua njia ya kanisani.”

“Na hukuniambia!”

“Nikamwambie nini mwalimu mzima? Nilimwuliza mke wangu, au watu wa pwani wana kibla yao ya safarini? Akasema tunyamaze, wasione tunaingilia dini yao.”

Nikamweleza habari ya upepo, bahari, na shavu la kulia. Alisikiliza hadi mwisho, kwa makini, kama mtu anayepokea maelezo ya jengo.

“Upepo wetu unatoka mashariki,” akasema. “Unagonga ukuta wa jirani, unarudi barazani. Ule ukuta ni mrefu.” Akatazama viganja vyake. “Niliujenga mimi.”

Nikamweleza na habari ya jua kuchomoza magharibi, na jinsi nilivyomwamsha mama Shabani atamke shahada. Hapo Mzee Ndahani alikaa chini kwenye jiwe. Alianza kutikisika mabega, bila sauti, kisha sauti ikaja. Machozi yalimtoka. Alishika kichwa. “Kiyama!” akasema. “Kiyama kimeanzia kwangu, na hata sijafagia!”

Tulicheka hadi watu waliokuwa wakipiga picha upande wa pili wakatuchungulia. Tulipotulia, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akanitazama sawasawa.

“Na ule mgongo, Mwalimu? Nao ulikuwa umeelekea Iringa?”

Ningeweza kujibu vingine. Lakini mtu aliyekuona ukiswali kinyume, akakustahi, humwongopei juu ya jiwe, Mungu akitazama.

“Nao ulielekea Iringa,” nikasema. “Mgongo wangu ulikuwa mzima. Niliona haya, na nilikuwa na kiburi. Nilisema nitaketije mbele ya watu nisiowajua, wenye dini si yangu, ambao mwanangu amewachagua bila kuniuliza. Na jana nilikataa kuku wako kwa sababu kwetu mgeni hukataa mara mbili kabla hajala. Nilikuwa nakufa njaa. Nisamehe viti, nisamehe na kuku.”

Aliokota kijiwe, akakigeuza mkononi.

“Viti vile,” akasema, “mke wangu alivifuta vumbi mara tatu siku ile. Kila gari likipita alivifuta.” Akakiweka kijiwe mahali pake. “Swali, Mwalimu, wakati usikupite. Kibla ni hapo, sogea kulia kidogo. Hapo hapo.”

Nikasogea kulia kidogo. Nimeswali maishani katika safu nyingi, nyuma ya masheikh wakubwa. Sijui kama nimewahi kunyooka vile.

Tulipokuwa tunateremka akauliza, “Na huko kwenu, mtu akija siku mbili, kuna nini cha kuona?”

“Bahari,” nikasema, kisha nikauma ulimi.

“Hiyo bahari unayoitafuta hadi sokoni. Nani kaijenga?”

“Fundi wake tunamjua sote wawili.”

Akafikiri hatua tatu nne. “Basi nitakuja kuitazama mistari yake,” akasema.

KURUDI

Jioni ile mama Neema alipika tena kuku, aliyechinjwa na mwadhini yule yule, na aliposema karibuni sikusema neno. Nilikula hadi paja la pili. Ramadhani aliletwa, akanitazama ndevu kwa muda mrefu, akazivuta, akaridhika, akalala kifuani kwangu huku amezishika. Siku ya pili ikapita hivyo hivyo, mtoto kifuani. Mji wa serikali sikuuona, wala chuo kikuu kwa karibu, wala mashamba ya zabibu. Msikiti mkubwa niliupita kwa nje. Mtu akija kuwaambia Dodoma huonwa kwa siku mbili, mwulizeni hizo siku mbili alikuwa amekaa na mtoto wa nani kifuani.

Alfajiri ya kuondoka nilitoka barazani na mkeka wangu. Nikasita. Sakafuni, kwenye saruji mbichi, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, umepigwa kwa mwiko na pima maji, na kichwa cha mshale kikielekea kaskazini na ushei. Mzee Ndahani aliamka kabla yangu kuutia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mwiko miguuni.

“Usiukanyage, bado haujakauka,” akasema. “Mtakapokuja tena utakuwa mgumu.”

Stendi alinishika mkono kwa ile mikono yake ya matofali. “Idi tutakuja na mtoto,” akasema. “Tutakuwa wanane. Mimi, mke wangu, Shabani na mkewe, ndugu zangu wawili, dada yangu, na mwadhini, maana naye anataka kuiona bahari.” Katika hao wanane Ramadhani sikumsikia akihesabiwa, nikamwuliza. “Huyo hahitaji kiti,” akasema. “Ana kifua chako.”

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, alhamdulillahi. Kibaigwa nilichungulia dirishani nikimtafuta yule mama wa mahindi, sikumwona. Ningemwambia karibu, na safari hii ningeisema kwa moyo wangu wote, hata kama kikapu kilikuwa kitupu.

Basi hizo ndizo habari. Mafuta ya kuchua mliyoniletea mwaka juzi bado yapo, chupa nne, hazijafunguliwa. Kila mmoja aje achukue yake, na anisamehe. Na yeyote kati yenu mwenye viti imara, vya kuegemea, naomba aniazime vinane kabla ya Idi. Nitavifuta vumbi mwenyewe.